Mali bila daftari: mupira wa Kapata unaweza kulisha watu



Kila siku ya Mungu, saa tisa za muchana, kiwanja chetu kinajaa. Ekipe mbili zinaingia, moja na maillot nyekundu, ingine na maillot ya kuazima. Ba mama wanapanga mikate na maji pembeni. Kijana mumoja anauza unité za telefone, mwingine analinda mapikipiki kwa franka kidogo. Watu wanapiga kelele mpaka jua linashuka, kisha kila mutu anarudi kwake. Siku ya kwanza asubuhi ukiuliza, "Jana mupira uliingiza feza ngapi? Ulikula ngapi?", hakuna mwenye kujibu. Kocha hajui. Presida wa ekipe hajui. Hata sisi watu wa syndicat hatujui.

Leo tunataka kusema neno moja. Wachezaji tuko nao, watazamaji tuko nao, feza kidogo kidogo inapita kila juma. Chenye tunakosa ni daftari, na akili ya kuliongoza. Bila hiyo, biashara ya michezo hapa kwetu itaendelea kuzaliwa leo na kufa kesho.

Wengine watauliza: syndicat inatafuta nini mu mambo ya mupira? Kazi yenu ni mishahara, kontra na usalama ku mine. Ni kweli, na kazi ile hatuiachi. Lakini angalieni namna tunavyoishi. Mwisho wa mwaka 2019, Mutanda ilisimamisha kuchimba, na ilikaa hivyo zaidi ya mwaka. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje ya inchi kwa miezi 4, kisha ikaongeza wakati, na toka mwezi wa kumi kila kompanyi ikapewa kiasi chake cha kuuza. Hatusemi leo kama ilikuwa vizuri ao vibaya. Tunasema tu kwamba bei inaamuliwa mbali, na sufuria inayokauka iko hapa. Nyumba yenye mukono mumoja tu wa kuleta feza iko mu hatari.

Kapata inajua mambo haya kupita muji mwingine. Hii ni cité ya watu wa Gécamines. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines kwa ule mupango wenye waliita départs volontaires, ulioungwa mukono na Banque mondiale. Wengi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mushahara. Wakapokea feza kwa mara moja. Kuna aliyenunua gari, kuna aliyefungua duka, kuna aliyelipa madeni na masomo ya watoto, na feza ikaisha. Muzee mumoja wa hapa alituambia: "Balitupatia feza, lakini habakutufundisha namna ya kuichunga." Neno lile tunalibeba mpaka leo. Feza bila ufundi wa kuitumikisha ni kama maji mu kitunga.

Sasa tuseme kosa letu wenyewe, ili musifikiri tunawahubiria watu wengine. Mwaka mumoja, kwa sikukuu ya kazi ya tarehe 1 mwezi wa tano, tulitengeneza mashindano ya ekipe za wafanyakazi. Kila ekipe ililipa feza ya kuingia. Ba mama walilipa nafasi ya kuuzisha. Watu walikuja wengi, kombe likatolewa, tukapigiwa makofi. Tulipokaa kuhesabu, mumoja wetu alikuwa na feza mu mufuko, mwingine mu telefone, wa tatu alikuwa amekwisha kununua chakula cha waamuzi. Tunaamini hakuna aliyeiba. Lakini hatukuweza kuonyesha karatasi hata moja, na ndugu wakaanza kuangaliana kwa jicho mbaya. Mwaka uliofuata mashindano hayakurudi. Watu hawakuchoka mupira. Walichoka sisi kuwashikia feza. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliiona kwa macho.

Basi ufundi huu wa biashara ni nini? Si maneno makubwa ya hoteli na projekta. Tuchukue mushonaji wa maillot, kazi yenye vijana na ba mama wengi wanaweza kufanya. Tuseme kitambaa cha maillot moja kinamugharimu dola 3. Uzi na namba ya mugongo, dola 1. Safari na moto wa mashini, nusu dola. Jumla ni dola 4 na nusu. Anauza kwa dola 7, anafurahi: "Nimepata mbili na nusu!" Lakini mukono wake haukuhesabiwa. Kama angemushonea mutu mwingine, angelipwa dola 2 kwa maillot ile. Basi faida ya kweli ni nusu dola. Maillot 15 za ekipe moja zinaacha dola 7 na nusu. Siku mashini inavunjika na fundi anaomba dola 60, inabidi awe ameshonea ekipe 8 na hakugusa faida ile hata kidogo.

Kisha anakuja binamu, presida wa ekipe ya kata: "Utushonee bure, ni ekipe ya nyumbani." Maillot 15 zenye gharama ya dola 6 na nusu kila moja, ni dola 97 na nusu. Ili kuzirudisha, anapashwa kushonea ekipe 13 zingine. Yule binamu hakuwa mubaya. Hakuna aliyemuonyesha hesabu, na mushonaji mwenyewe hakuijua. Njo namna kazi nyingi zinakufa hapa kwetu, pamoja na urafiki.

Hesabu ile ile ni ya mwenye kuonyesha match ku télé, ya mama wa mikate, ya mwalimu wa karate, ya kijana mwenye kushona mipira na viatu vilivyopasuka. Feza ya biashara ikae mbali na feza ya sufuria. Mushahara wa mwenyewe uandikwe kama wa mutu mwingine. Kitu kidogo kiwekwe kila juma kwa siku ya kuvunjika. Na deni liandikwe, hata la ndugu.

Daftari lina kazi ingine, na hapa tunataka makocha watusikilize. Sheria ya FIFA inasema hivi: muchezaji akiuzwa toka klabu ya inchi moja kwenda klabu ya inchi ingine mbele kontra yake haijaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa ku klabu zote zilizomulea toka miaka 12 mpaka 23. Kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 unapata asilimia 0,25 ya bei. Toka miaka 16, kila msimu unapata asilimia 0,5. Tuseme mutoto wa Kapata alicheza misimu 4 mu ekipe ya kata, toka 12 mpaka 15, na siku moja anauzwa kwa dola 1 000 000. Ekipe ile ya kata ina haki ya dola 10 000.

Munamukumbuka Mbwana Samatta. Alitoka Simba ya Dar es Salaam, si Simba yetu ya Kolwezi, akaja ku Mazembe mwaka 2011. Akabeba kombe la klabu za Afrika 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji mwanzo wa 2016, na 2020 akafika Aston Villa ya Uingereza. Mutu kama yeye akiuzwa inje, makaratasi ya utoto wake yanafunguliwa: alicheza wapi, mwaka gani, nani alimuandikisha. FIFA hailipi ukumbusho wa kocha. Inalipa klabu yenye inajulikana ku federasio, na jina la mutoto liwe limeandikwa ku klabu ile msimu kwa msimu. Toka mwisho wa 2022 malipo yale yanapita ku ofisi yake ya Paris, nako kazi yao ni karatasi. Ekipe ngapi za Kapata ziko na karatasi?

Lakini tusidanganyane. Kati ya watoto wa kiwanja chetu, labda hakuna hata mumoja atakayeuzwa Ulaya. Biashara isisimame juu ya miguu ya mutoto mumoja. Mutoto aende masomo, acheze, na akae mbali na mashimo. Chenye kinalisha nyumba ni kazi yenye watu wanalipia kila juma, kidogo kidogo, hata ekipe ikipigwa.

Na isisimame juu ya mufuko wa tajiri mumoja. Katanga yetu ina historia kubwa. Mazembe ilianzishwa na wamonaki wa Mutakatifu Benedikto mwaka 1939, kisha ikabeba jina la Englebert, kompanyi ya pneu. Lupopo ni ekipe ya watu wa reli. Mazembe ilishinda Afrika mara 5, ikafika fainali ya dunia 2010, na mabinti wake wakabeba kombe la Afrika la wanawake 2024. Ni sifa kwetu sisi wote. Lakini toka 1997 iko na Moïse Katumbi nyuma yake, na kila kata haina mutu kama yeye. Wazee wanakumbuka wakati Gécamines ilikuwa inabeba kila kitu, posho, hospitali, masomo na michezo. Kompanyi ilipougua, vyote viliugua pamoja. Ekipe yenye kungojea zawadi inakufa siku mwenye zawadi anahama.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tukae pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mushonaji, mama wa chakula, mulinzi wa kiwanja, kocha na fundi wa sauti ni watu 5. Kwa sheria ya OHADA, yenye inatumika mu inchi yetu toka 2012, watu 5 wanatosha kuanzisha koperative ndogo. Ikiwa na karatasi, inaweza kufungua konti, kukodisha kiwanja, na kuomba kazi ku kompanyi. Sheria ya sous-traitance ya 2017 inaweka kazi zile kwa Wakongomani. Lakini mutu bila karatasi hana mulango wa kupigia hodi.

Pili, tuombe mafunzo, maana tumekwisha kuyalipia. Kila mwezi waajiri wanalipa INPP sehemu inayohesabiwa juu ya mishahara yetu. INPP iliundwa 1964 kwa kufundisha watu kazi. Tutaomba mafunzo ya kushika daftari na kupanga bei, siku ya posho nyuma ya muchana, kwa Kiswahili, na ba mama waingie wa kwanza. Watu wenye kufanya kazi ya usiku wasisahauliwe.

Tatu, tubadilishe yale tunaomba ku kompanyi. Kode ya migodi ya 2018 inazilazimisha kutoa asilimia 0,3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii, na kuandika cahier des charges pamoja na wakaaji. Siku tukikaa ku meza ile, tusiombe mipira 10 na kombe lenye jina la kompanyi. Mipira 10 inapasuka mu miezi sita. Tuombe mashini za kushona, taa za kiwanja, na kontra: maillot za mashindano ya kompanyi zishonwe Kapata, na zilipwe kwa wakati.

Kwa waajiri tunasema neno moja, walisikie vizuri. Kumufundisha mutumishi biashara hakumaanishi kumufukuza ku kazi. Tumekwisha kuona ile sinema mu 2003. Mutu anafundishwa wakati ana mushahara, ili siku ya kutoka asianze na sifuri. Atakayetuambia "muwe wajasiriamali" ili asiandike kontra, atatukuta ku mulango.

Na kwa vijana wetu: leo biashara ya mupira yenye nguvu kupita zote hapa ni pari foot. Inafungua kila asubuhi, haikosi feza, na daftari lake linashikwa vizuri sana. Kila jioni inaondoka na franka zenu. Muiangalie vizuri, mutaelewa kwamba mupira unaleta faida. Neno ni kujua faida inalala ku nyumba ya nani.

Siku ya Mungu inayokuja tutakuwa ku kiwanja. Mumoja wetu atakaa ku meza na daftari na kalamu, aandike chenye kinaingia na chenye kinatoka: nafasi za ba mama, pikipiki, waamuzi, maji. Jioni atasoma mbele ya watu wote, hata kama ni franka elfu chache. Hesabu ikiwa na kosa, mutu asimame aseme. Tulianguka mara moja kwa sababu ya karatasi, na ni kwa karatasi tutasimama.