Waliochochea Moto wa Garimoshi

Historia ya garimoshi nchini Marekani husimuliwa zaidi kwa majina ya wenye kampuni na ya mafundi waliobuni mitambo. Leo naanza na mtu ambaye simulizi nyingi hazimtaji hata kwa jina. Alikuwa mchochea moto wa injini iliyoitwa Best Friend of Charleston, katika jimbo la South Carolina. Injini hiyo ilikuwa ya kwanza kuundwa Marekani kwa ajili ya kazi ya kawaida ya reli, nayo ilianza kubeba abiria kwa ratiba mwezi Desemba 1830. Siku ya tarehe 17 Juni 1831, kelele za mvuke uliokuwa ukifoka kwenye valvu ya usalama zilimkera mchochea moto huyo, naye akaikandamiza valvu ili zinyamaze. Valvu ile huwekwa makusudi, ili mvuke upate pa kutokea pindi unapozidi nguvu za birika. Ulipozibiwa njia, birika lilipasuka, naye akafariki.

Kampuni ilijifunza kwa namna yake. Katika safari zilizofuata iliweka kati ya injini na mabehewa ya abiria gari moja lililosheheni marobota ya pamba, ili birika likipasuka tena abiria wasidhurike. Dereva na mchochea moto, bila shaka, walikuwa upande wa pili wa marobota hayo.

Kwa wale ambao watoto wao watauliza mtambo huo ulitembeaje, jibu si gumu. Moto huwaka tanurini, na hewa yake kali hupita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji. Maji hugeuka mvuke, na mvuke uliobanwa husukuma pistoni mbele na nyuma, kisha fimbo za chuma huugeuza mwendo huo kuwa mzunguko wa magurudumu. Mvuke uliokwisha kutumika hutokea kwenye dohani kwa mikupuo, na kila mkupuo huvuta hewa mpya kuingia tanurini. Ule mlio wa garimoshi, unaofanana na pumzi za mnyama mkubwa apandaye mlima, ndio huo.

Marekani iliupokea mtambo huu kutoka Uingereza, lakini haikuwa na reli za Uingereza. Mwaka 1829 injini ya Kiingereza iitwayo Stourbridge Lion ilijaribiwa huko Honesdale, Pennsylvania. Horatio Allen aliiendesha peke yake, hakutaka kuhatarisha maisha ya mwingine, na ikabainika kuwa ni nzito kupita uwezo wa njia iliyojengwa kwa mbao. Nchi ilikuwa pana na fedha zilikuwa chache, hivyo reli zilitandazwa kwa haraka, zenye kona kali na mabonde yasiyosawazishwa. Mafundi hawakungoja njia inyooke. Waliibadili injini: walitanguliza magurudumu manne madogo yawezayo kugeuka na kuifuata kona, na nyuma yake wakaweka manne makubwa ya kusukuma. Kwa kuwa mashamba na malisho hayakuwa na ua, mbele walifunga kinga ya chuma iliyochongoka kama jembe la plau, ya kuwasukuma kando ng'ombe waliolala njiani. Kwa kuwa walichoma kuni, dohani ilitanuliwa juu ili kuzinasa cheche zisiunguze misitu na mazao.

Injini mbili za umbo hilo ndizo zilizokutana uso kwa uso Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, siku reli ya kuvuka bara ilipounganishwa. Ile ya kampuni ya Central Pacific, iliyoitwa Jupiter, ilichoma kuni. Ya Union Pacific, namba 119, ilichoma makaa ya mawe. Maelfu ya vibarua wa Kichina walikuwa wamepasua miamba ya Sierra Nevada ili Jupiter ipite.

Viwanda navyo vilikua. Matthias Baldwin wa Philadelphia, aliyeanza maisha akiwa sonara, aliunda injini yake ya kwanza kwa ajili ya reli mwaka 1832, na kampuni aliyoiacha ikaja kuunda zaidi ya injini 70,000. Baadhi yake zilisafirishwa hadi Mombasa kwa ajili ya Reli ya Uganda.

Jambo linalonivutia mimi zaidi ni jinsi kila kazi ilivyozaa umbo lake. Wakata miti wa Michigan walihitaji injini ya kupita kwenye njia mbovu za msituni, zenye miinuko mikali. Ephraim Shay, ambaye naye alikuwa mfanyabiashara wa mbao, aliwapa injini yenye pistoni zilizosimama wima upande mmoja tu, zikizungusha mtaimbo ulioungwa kwa meno ya chuma na kila gurudumu. Haikuwa na mbio hata kidogo, lakini ilipanda mahali ambapo nyingine ziliteleza. Huko New Hampshire, reli ya Mlima Washington iliyofunguliwa mwaka 1869 ilitumia gurudumu lenye meno lililong'ata ngazi ya chuma katikati ya njia, na birika likafungwa kwa kuinama ili maji yakae sawa mlimani. Kampuni ya Southern Pacific, ambayo treni zake zilipita katika mahandaki na chini ya mapaa marefu ya mbao yaliyozuia theluji ya Sierra Nevada, iliona madereva wake wakitaabishwa na moshi, ikaigeuza injini nyuma mbele: dereva akakaa mbele na dohani ikabaki nyuma yake. Hilo liliwezekana kwa sababu injini hizo zilichoma mafuta, ambayo hupitishwa kwa bomba. Makaa yasingeweza kuhamishwa kwa sepetu umbali huo. Na katika viwanda vya baruti na kemikali, ambako cheche moja ingeleta msiba, zilitumika injini zisizo na moto kabisa. Zilijazwa maji ya moto na mvuke kutoka birika la kiwandani, zikasukuma mabehewa mpaka nguvu iishe, kisha zikarudi kujazwa tena.

Waandishi wengi wangetaka niishie kwenye Big Boy, injini 25 kubwa mno, zilizoundwa mwaka 1941 na 1944 kwa ajili ya Union Pacific, kila moja na gari lake la makaa na maji ikizidi tani 500. Ni mtambo wa kustaajabisha, nami sitaupunguzia haki yake. Lakini narudi kwa mchochea moto.

Katika majimbo ya kusini, kazi hiyo ya joto, vumbi na mgongo ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa Wamarekani weusi. Udereva walinyimwa. Kisha mashine za kulisha makaa tanurini zikaanza kuchukua nafasi ya sepetu, kazi ikapungua uzito, na waliokuwa wakiikwepa wakaitamani. Chama cha wachochea moto, ambacho hakikuwapokea weusi lakini kisheria kilizungumza kwa niaba ya wote, kilizitaka kampuni 21 mwaka 1940 zibadili mikataba kwa namna ambayo hatimaye ingewaondoa weusi wote. Mwaka uliofuata yakafikiwa makubaliano ya kuwawekea mpaka.

Bester William Steele, mchochea moto wa kampuni ya Louisville and Nashville, aliondolewa kwenye treni za abiria na nafasi yake akapewa mzungu aliyeanza kazi baada yake. Alikaa siku 16 bila kazi, kisha akapewa kazi nzito zaidi kwenye treni za mizigo. Hakunyamaza. Wakili wake alikuwa Charles Hamilton Houston, na tarehe 18 Desemba 1944 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba chama kilichopewa na sheria mamlaka ya kuwasemea wafanyakazi wote kinawajibika kuwatetea wote bila ubaguzi wa rangi, wakiwamo wale kilichowafungia mlango.

Wakati hukumu ikisomwa, injini za dizeli zilikuwa zimekwisha kuingia katika reli za Marekani, nazo hazina tanuri la kuchochewa. Kampuni ya Norfolk and Western, ya mwisho miongoni mwa zile kubwa kuushikilia mvuke, ilizima mioto yake mwaka 1960.