Kama hujaifungua, usinitumie

Hii kitu imenikaa kwa roho tangu wiki jana na leo lazima itoke.

Nilikuwa kwa kituo na mama tukingoja majani yapimwe, simu ikalia mara nne. Watu wanne, wengine hata hawajuani, wamenitumia linki moja. Wa kwanza ameandika "Kimeumana Kericho!" Wa pili, "Watu wa chai mko na shida." Wa tatu ameweka tu vile vikatuni vya kucheka. Wa nne akaniambia niiweke kwa ukurasa wangu haraka kabla mtu mwingine hajaiweka.

Nikawauliza wote swali moja: umeisoma? Wa kwanza aliona kichwa. Wa pili hana bando. Wa tatu hajajibu mpaka leo. Wa nne akanigeukia: "Kwani kazi yako ni gani? Si usome wewe utuambie."

Nikaifungua. Ilikuwa habari ya Mei 2023, ile siku waandamanaji walichoma mashine za kuvuna chai huko Kericho. Tarehe iko pale juu, chini ya kichwa. Watu wanne wameituma kama moshi bado unatoka.

Sasa mtaniambia ni kitu kidogo. Haya, tuongee kuhusu hiyo 2023, kwa sababu ule mwaka mlinionyesha tabia yenu yote.

Februari 20, 2023, BBC ilitoa filamu kuhusu mashamba ya chai ya hapa kwetu, mashamba ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ya Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walikuwa wamewaambia kwamba walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao kazini. Mwandishi mmoja aliingia kama mtu anayetafuta kazi, akarekodi kwa siri. Na nini kilizunguka kwa simu za hapa? Kipande cha sekunde chache, na juu yake utani. Nilikuwa kwa vikundi vitatu vya WhatsApp. Kwa vyote vitatu swali kubwa lilikuwa "huyo msichana ni nani, ni wa wapi?" Watu wazima, wengine wana dada wanaovuna chai kwa mashamba hayo hayo, walikuwa wanatafuta sura ya mwanamke badala ya kusikiza alichosema.

Na kilichokuwa ndani, kwa mwenye alikaa akaangalia, kilikuwa kizito kuliko kile kipande. Unilever ilikuwa imelaumiwa kwa mambo kama hayo zaidi ya miaka kumi nyuma, ikaahidi kwamba haitavumilia hata kidogo, ikaweka njia ya kupeleka malalamiko. Filamu ikasema malalamiko yalikuwa hayafanyiwi kazi. Hapo ndipo kijana wa hapa angeuliza: hiyo njia iko wapi, nani anapokea, na dada yangu akipeleka lake leo linaishia kwa meza ya nani? Lile swali sikuliona kwa komenti hata moja ya watu ninaowajua. Sasa mashamba mengi yamebadilisha mwenyewe. Mwaka 2024 Lipton, waliobaki na yale ya Unilever, walitangaza kuwauzia Browns ya Sri Lanka. Swali ni lile lile na bado halijaulizwa.

Miezi mitatu baada ya filamu, moto wa mashine. Video ya moto mliituma mpaka simu ya mama ikajaa. Lakini kulikuwa na jopo la kaunti ya Kericho lililokadiria kwamba kazi kama 30,000 zimepotea kwa sababu ya mashine ndani ya miaka kumi. Hiyo habari ilikuwa kwa intaneti pia, bure. Mimi niliiweka. Ilipata watu kumi na moja, na mmoja ni binamu yangu.

Najua jibu lenu: bando ni ghali. Usinidanganye na bando. Video za TikTok ulizotazama jana kabla ya kulala zimekula MB nyingi kuliko ukurasa wa maneno matupu. Kitu huna ni subira.

Jibu la pili ndilo linaniudhi zaidi: "Nimeituma vile nimeipata." Hebu peleka majani kwa kituo, umechanganya makuukuu na magugu, kisha umwambie karani umeyaleta vile umeyapata. Atakurudishia kikapu mbele ya watu wote. Mama anajua kuchagua majani mawili na kichipukizi, na mvua inamnyeshea. Wewe umekaa kwa kiti Kericho town unashindwa kuchagua habari.

Nisijifanye msafi. Mwaka juzi nilituma linki ya kazi kwa kikundi cha kijiji. Ilikuwa na jina la kampuni kubwa, picha nzuri, "nafasi 200". Sikuifungua, niliona tu neno kazi nikafurahi. Mama mmoja wa jirani akamjazia kijana wake ile fomu, akaambiwa atume 1,500 za usajili, akatuma. Pesa ilienda. Alipokuja nyumbani hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si ni wewe uliituma?" Nimemrudishia elfu moja, imebaki mia tano. Kwa hivyo mkisema najifanya mwalimu, ni sawa, hata mimi nilifunzwa na deni.

Na msifikiri linki ni mchezo. Mei 30, 2025, Rose Njeri alikamatwa Nairobi kwa sababu ya tovuti. Alikuwa ametengeneza mahali ambapo mwananchi anabonyeza tu, na barua pepe yake ya kupinga Mswada wa Fedha inaenda kwa kamati ya bunge. Alikaa ndani mpaka Juni 3 akapelekwa kortini, na Juni 20 korti ikatupa kesi. Wengi wenu mliweka picha yake kwa status, na mlifanya vizuri. Nikauliza marafiki watano mswada una nini ndani. Mmoja tu ndiye alijua kuhusu lile pendekezo la kuipa KRA njia ya kuingia kwa data za watu, ambalo baadaye kamati ililikataa. Serikali iliona ile linki ni kitu cha kumfungia mtu, na sisi hata hatukuibonyeza.

Kwa hivyo kuanzia leo, ukinitumia kitu niweke hapa, niandikie jambo moja lililo ndani ambalo halipo kwa kichwa. Moja tu. Na tarehe. Skrinishoti ya jedwali la bonasi bila kusema imetoka wapi siweki, hata kama imetoka kwa mjomba wako, na msimu wa bonasi mtaanza tena, nawajua.

Wa nne, nimekujibu. Wa tatu, bado nakungoja.