Kura ya Tarafa na Deni la Mtafiti

Nachingwea inaijua gharama ya kutojaribu kwanza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ilifyekwa kabla ya mashamba madogo ya majaribio kuthibitisha kwamba udongo na mvua vingeafiki zao hilo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36.

Zaidi ya nusu karne baadaye, wilaya hiyo na jirani yake Ruangwa zilishiriki katika kazi ya namna nyingine. Jaribio lililofanyika Ifakara na kuchapishwa mwaka 2001 lilikuwa limeonyesha kwamba watoto waliopewa dawa ya SP siku za chanjo waliugua malaria kwa asilimia 59 pungufu katika mwaka wao wa kwanza. Hata hivyo, jaribio linalosimamiwa kwa karibu si sawa na kazi ya kila siku ya zahanati ya kijijini. Ndipo Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba zilipogawanywa katika maeneo 24, yaani tarafa zake, na kura ikaamua nusu ipi ianze kutoa dawa mwaka 2005 na nusu ipi ibaki kwa ulinganisho.

Je, si dhuluma mtoto wa tarafa moja kupewa kinga na wa tarafa ya pili kuikosa? Swali hilo ni la haki, na mama anayeliuliza kliniki hastahili kupuuzwa. Jibu lake ni kwamba wakati ule hakuna aliyejua kama dawa hiyo, ikitolewa na wahudumu wa kawaida, ingeleta nafuu. Kama wakubwa wangechagua tarafa kwa hiari yao, huenda wangechagua zilizo karibu na barabara, na tofauti yoyote ingeweza kuwa ya barabara, si ya dawa. Kura haina mjomba wala shangazi.

Mwaka 2006 watoto takriban 600 walipimwa. Vimelea vya malaria vilionekana kwa asilimia 31 katika maeneo yaliyopewa dawa, na asilimia 38 katika maeneo ya ulinganisho. Bila maeneo hayo ya pili, tarakimu 31 isingekuwa na maana yoyote. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mbinu hiyo kwa sehemu za Afrika ambako usugu wa vimelea dhidi ya SP haujawa mkubwa.

Kura hufichua pia nia njema isiyotosha. Katika kata 132 za Lindi na Mtwara, zikiwemo za wilaya hizi mbili, ulifanyika utafiti mwingine: wahudumu wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi majumbani na kuwashauri kuhusu matunzo ya mtoto mchanga. Baadhi ya desturi za malezi zilibadilika, lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko katika kata za ulinganisho. Matokeo hayo si aibu. Yanauambia uongozi wa afya kwamba ushauri wa nyumbani pekee hautoshi, na kwamba huduma ya kituoni nayo lazima iimarishwe.

Basi aliyekubali kuwa upande wa ulinganisho hakuachwa nje ya utafiti. Amechangia nusu ya jibu. Kwa sababu hiyo anadaiwa mambo mawili. Kwanza, aelezwe mapema, kwa Kiswahili chepesi, kwamba ni kura itakayoamua na kwamba ana uhuru wa kukataa. Pili, jibu lirudi kijijini kwake, liwe zuri au baya, lisomwe katika mkutano na kubandikwa ukutani mwa zahanati. Mtoto aliyechomwa kidole kwa ajili ya utafiti ana haki ya kusikia, kupitia wazazi wake, tone lile la damu lilifundisha nini. Mtafiti anayeondoka na jibu mkobani ameondoka na mali ya watu.