Kumpa mkimbizi hifadhi si kumtangazia jirani vita

Wakazi wa Ngara na Biharamulo hawahitaji kufundishwa maana ya mpaka. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takribani saa 24. Benaco ikageuka mji kwa siku chache, na wenyeji wakagawana na wageni kuni, maji na ardhi. Lakini miongoni mwa waliokimbia walikuwamo pia walioua, na baadhi ya viongozi wao wakaendelea kuwatawala watu kambini.

Hapo likazuka swali ambalo hadi leo halijakwisha katika nchi za Maziwa Makuu. Je, nchi inayohifadhi wakimbizi ikituhumiwa kufuga maadui wa jirani yake, jirani huyo ana haki ya kuvuka mpaka kwa silaha? Sisi tunasema tuhuma peke yake haimpi haki hiyo, na tunayo hoja.

Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza nchi kutishia au kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Milango iliyoachwa wazi ni miwili: idhini ya Baraza la Usalama, na haki ya kujilinda, chini ya ibara ya 51, pale nchi inaposhambuliwa kwa silaha. Tanzania iliutegemea mlango huo wa pili mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoteka ardhi ya Kagera iliyo kaskazini ya mto. Hata hivyo, kujilinda nako kuna masharti: kuwe kwa lazima, na kusizidi kiasi. Wanazuoni wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Imam Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, aliyefariki mwaka 805, aliandika juu ya elimu ya siyar, yaani hukumu za vita, mikataba na amani baina ya mataifa, na ndani yake aliyepewa amani ana haki ya kulindwa.

Kuhusu wakimbizi, Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 unatamka kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na utu, na nchi yoyote isilihesabu kuwa uadui. Lakini mkataba huo huo unambebesha mwenyeji mizigo miwili: awaweke wakimbizi mbali na mpaka kwa kadiri inayofaa, na awazuie kuishambulia nchi nyingine.

Zaire ilishindwa kuibeba mizigo hiyo. Kuanzia Oktoba 1996 jeshi la Rwanda na waasi wa Laurent Kabila walizivunja kambi kwa silaha, na wasio na hatia wakafa pamoja na wenye hatia. Desemba mwaka huo Tanzania iliwataka Wanyarwanda waondoke. Maelfu walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, jeshi likawarudisha Rusumo. Mwaka 1997 Burundi nayo iliishutumu Tanzania kuwahifadhi waasi, na jeshi likawakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini, wakiwamo waliokwisha kuoa na kuzaa huko, likawapeleka kambini. Mpaka ulilindwa, lakini aliyelipa gharama mara nyingi hakuwa mwenye bunduki.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ililipima suala hili katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda. Uganda ilidai kwamba ilikuwa ikijilinda na waasi. Hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 ilikataa: mashambulizi ya waasi hao hayakuthibitishwa kuwa ya serikali ya Kongo, na kuteka miji na viwanja vya ndege mamia ya kilomita kutoka mpakani hakukuonekana kuwa kwa kiasi wala kwa lazima. Mwaka 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325 za Marekani. Kwa Rwanda, mwaka 2006 Mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi, maana haimhukumu asiyeridhia.

Upungufu huo umeonekana tena. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia na iondoe majeshi yake Kongo.

Rai yetu ni hii. Anayelalamika kuhusu wenye silaha waliojificha kwa jirani apeleke ushahidi wake katika vikao vya kanda na Baraza la Usalama. Mwenyeji naye awatenge wenye silaha mapema, kabla hajapewa kisingizio, na awatenge wao, si mama mwenye mtoto mgongoni. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Hawakusema apewe bunduki, wala hawakusema nyumba iliyompokea ichomwe moto.