Kasuku na Kabati la Mvule

Mama mmoja mkazi wa Tanga ameiandikia safu hii barua ndefu, nami nimeona ni vema jibu lake lisomwe na wengine pia, kwani wapo wengi wanaofuga ndege wa aina hii na kuteseka naye kimyakimya. Anaeleza kwamba marehemu baba yake alimwachia kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Ndege huyo amekwisha kutafuna kingo za kabati la mvule ambalo mume wa mama huyo alilirithi kwa wazazi wake, miguu miwili ya kochi, fremu ya dirisha na jalada la daftari la hesabu za duka. Mume amechoka. Ametamka kwamba kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, ama ndege akatwe ncha ya mdomo, ama atolewe nyumbani. Mama asema asingeona tabu kumtoa, lau si jambo moja: kila jioni ndege huyo humwita kwa jina lake la utotoni, kwa sauti ileile ya baba yake.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonifanya niziache barua nyingine zingoje.

Tuanze na huo mkasi. Mdomo wa kasuku si kucha. Ndani ya gamba lile gumu mna mfupa, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na kwa ncha ya mdomo ndege hupapasa kila akishikacho, kama sisi tupapasavyo kwa vidole. Akikatwa nyumbani atavuja damu, ataona maumivu makali, na huenda akashindwa kula. Ipo milomo inayorefuka kupita kiasi kwa sababu ya maradhi, nayo huhitaji kupunguzwa, lakini hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo peke yake. Gamba lenyewe huota maisha yote ya ndege, na kutafuna ni mojawapo ya njia za kulipunguza. Kwa hiyo kasuku asiyetafuna kitu ndiye wa kutiliwa shaka, wala si huyu wa Tanga.

Huko kwao misituni, kuanzia Ghana hadi Kongo na Uganda, kasuku wa kijivu hutaga ndani ya mashimo ya miti mirefu, na shimo hulitengeneza kwa mdomo wake. Hula matunda ya mchikichi na mbegu ngumu ambazo hapana budi azibangue kwanza. Siku yake yote ni kuruka, kutafuta, kupasua na kubangua. Sasa mtu mwenye kazi nyingi namna hiyo anafungiwa tunduni, anawekewa bakuli la alizeti, anamaliza kula kwa muda mfupi, na saa zote zilizosalia hana la kufanya. Kabati la mvule liko hatua mbili mbele yake. Angefanya nini?

Yule kasuku mashuhuri aliyeitwa Alex, ambaye mtaalamu wa Marekani Irene Pepperberg alimnunua mwaka 1977 na kumfundisha hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007, hakulipwa chakula kila alipotaja kitu sawasawa. Malipo yake yalikuwa kitu chenyewe. Akitaja karatasi alipewa karatasi, akitaja kipande cha mti alipewa hicho, na akiisha kukipokea alikitafuna. Kwa ndege yule ujira huo ulitosha kumtia bidii ya kusoma. Nadhani mfano huo waonyesha vizuri kuliko maneno yangu kwamba kutafuna si utundu unaoweza kuondolewa kwa adhabu.

Adhabu zenyewe zimekwisha kujaribiwa. Mama alipaka pilipili kwenye kingo za kabati, ndege akazilamba na kuendelea. Hakuna la ajabu hapo. Ukali wa pilipili unaotuunguza sisi na wanyama wanyonyeshao hauwaunguzi ndege, na ndiyo sababu ndege hula pilipili mwitu na kuzieneza mbegu zake. Kisha familia ikajaribu kumkemea kwa makelele. Kasuku ni ndege wa kundi, hupenda kujibiwa. Ukimpigia kelele kila agusapo kabati, yeye atafahamu kwamba kabati ndilo la kuligusa akitaka mazungumzo. Heri kumwondoa kimya na kumpa kijiti.

Hatimaye wakamhamishia jikoni. Hili naomba likome leo, kabla ya kumaliza kuusoma ukurasa huu. Mapafu ya ndege ni mepesi mno kudhurika. Moshi wa jiko la mkaa utamuumiza, na vile vikaango vya kisasa visivyoshika chakula, vikiachwa motoni hadi vikapita kiasi cha joto, hutoa mvuke unaoweza kumwua ndege kwa dakika chache. Mrudisheni sebuleni.

Akisharudi, apewe miti iliyo yake. Matawi ya mpera yenye magome yafaa sana, na mwanzi pia. Yakatwe mahali pasiponyunyiziwa dawa za wadudu, yaoshwe, yakaushwe juani. Sisi watu wa pwani tumebahatika zaidi, maana kumbi la nazi, kifuu na kuti ni mali ya kasuku ambayo hatuinunui. Gunzi la mahindi humshughulisha kwa muda mrefu. Mparachichi usimpe, mti wala tunda lake, kwani ni sumu kwa ndege. Mnyaa nao, wenye utomvu wa kuunguza, usiukaribishe. Chakula chake kisimwagwe chote bakulini. Mfungie njugu chache katika maganda makavu ya mahindi, mfichie kipande cha karoti ndani ya kifuu, umwache atoe jasho kidogo. Njugu ziwe safi; zenye ukungu zitupwe. Kasuku wa kijivu ni mwoga wa vitu vigeni, basi kitu kipya kiwekwe kwanza mbali na tundu, kisogezwe siku kwa siku. Vilevile vibadilishwe mara kwa mara, kwani kitu kilichoning'inia mwezi mzima kwake huwa kama ukuta.

Yako mambo ya kuondolewa karibu naye, nayo ni ya hatari kuliko hasara ya fanicha: nyaya za umeme, rangi kuukuu inayobanduka madirishani ambayo huenda ina risasi, chubwi za nyavu za uvuvi, na tundu lililofumwa kwa waya uliopakwa zinki. Ndege akila madini hayo hudhoofika, hutetemeka, hupepesuka, na mara nyingine hufa kabla wenyewe hawajajua sababu.

Halafu mtazameni anapotafuna. Kama hujipenyeza nyuma ya kabati au chini ya kochi, penye giza, na kufanya kazi huko kwa juhudi kubwa, yamkini anatafuta mahali pa kutaga. Kasuku dume na jike wa aina hii ni vigumu kuwatofautisha kwa macho, hata kama marehemu mzee alimpa jina la kiume. Zibeni penyo hizo na kumlaza mapema, apate giza na utulivu wa saa kumi au zaidi, na hamu hiyo itapungua.

Sasa nina neno kwa mume. Bwana, malalamiko yako ni ya haki. Nyumbani mwako pana urithi wa watu wawili, nao umewekwa chumba kimoja. Kosa ni la mpango wa chumba. Kabati lihamishiwe chumbani, au lifunikwe turubai ndege anapokuwa nje ya tundu, naye asitoke tunduni bila mtu mzima kuwapo. Kingo zilizoliwa fundi seremala atazirekebisha. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka arobaini na zaidi, na kumtoa huyu kwa mtu asiyemjua ni kumtoa pamoja na ile sauti ya jioni. Kabla ya kutamka tena suala la kumtoa, keti siku moja magharibi pamoja na mkeo mumsikilize.

Lakini hata kumpa mtu, au kumweka, si jambo la kienyeji. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, mataifa yalikubaliana kumwingiza kasuku wa kijivu katika orodha ya viumbe wenye ulinzi mkubwa kabisa katika mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa sababu biashara ya kuwanasa ilikuwa imekwisha kuwamaliza katika misitu mingi. Familia iende ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, ieleze ndege alivyorithiwa, na iulize hati inayotakiwa. Wala mtu asishawishike kumnunulia mwenzake sokoni ili asione upweke.

Katika mstari wa mwisho kabisa wa barua, kana kwamba ni jambo dogo, mama anadokeza kwamba tangu ndege ahamie jikoni ameanza kutafuna manyoya ya kifuani mwake. Mama, hilo ndilo ulilopasa kulianza. Kutafuna mti ni afya. Kutafuna manyoya ni dalili. Tazama kichwa chake: ikiwa manyoya ya kichwani ni mazima na ya kifuani yameharibika, basi anajitafuna mwenyewe, kwa kuwa kichwani hafiki kwa mdomo. Yaweza kuwa ni ukiwa. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya makinda ya kasuku wa Amerika: waliowekwa katika matundu matupu walianza kujinyonyoa, na walipopewa vitu vya kuchezea na kazi ya kutafuta chakula hali yao ikawa afadhali. Lakini yaweza pia kuwa ni maradhi ya ngozi, wadudu, au upungufu wa vitamini A, ambao huwapata sana ndege walishwao alizeti tupu. Anza leo kumpa mchicha, boga na papai, na kila siku chache umwogeshe kwa manyunyu ya maji ya uvuguvugu. Juma hili hili umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mfunike tundu njiani asitishike, na uichukue karatasi ya chini ya tundu ikiwa na kinyesi cha siku hiyo, kwani daktari atataka kukiona.