Ufuo mtulivu upo, lakini uliza maji kwanza

Mahindi yakishavunwa na kukaushwa hapa Moi's Bridge, na magunia yakianza kuelekea kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka, watoto huwa na swali moja tu kwa wazazi wao: "Mwaka huu tutaenda Mombasa?" Mzazi mwenye kitu mfukoni huguna. Asiye nacho hukohoa.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, aliwahi kukubali. Aliuza magunia yake, akawapandisha watoto basi, na siku iliyofuata Krismasi wakawa katika ufuo mmoja wa umma mjini Mombasa. Aliporudi nilimuuliza bahari ilikuwaje. "Mwalimu," akaniambia, "bahari sikuiona. Kutwa nzima nilikuwa nahesabu watoto." Kijana wake wa mwisho alipotea katika umati kwa karibu saa nzima, akapatikana amesimama kando ya ngamia wa kukodi, analia.

Nikamwambia kwamba mwaka mwingine asiende penye watu wote. Aende Tiwi.

Msomaji, nakuandikia leo kwa sababu nilimweleza mama yule kila kitu kuhusu Tiwi isipokuwa jambo moja, na jambo hilo lilitaka kutugharimu.

Tiwi iko kusini mwa Mombasa, kama kilomita 20 kutoka Likoni. Diani, yenye mahoteli makubwa ambayo jina lake limeenea hadi Ulaya, ni jirani yake kabisa. Kinachotenganisha fuo hizo mbili ni Mto Mwachema tu. Mtoni hapo, karibu na mdomo wake, umesimama Msikiti wa Kongo, msikiti wa kale uliozungukwa na mibuyu minene. Upande wa Diani ni pilkapilka za watalii na wauza vinyago. Upande wa Tiwi unaweza kutembea asubuhi ukakutana na mvuvi mmoja na mbwa wawili.

Kufika si kazi. Ukishuka kwenye treni Miritini au kwenye basi mjini, unavuka kwa feri ya Likoni, ambayo mtembea kwa miguu halipi hata senti, kisha unapanda matatu ya Ukunda na kushukia njia panda ya Tiwi. Kutoka hapo chukua bodaboda au tuktuk hadi ufuoni. Usitembee na mabegi na watoto katika njia hiyo yenye vichaka. Mwenye gari lake sasa anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri. Ziko nyumba za kupanga zenye jiko, na wavuvi huleta samaki hadi mlangoni. Mama yule alibeba unga wake mwenyewe kutoka huku nyumbani, maana hauamini wa kwingine. Ugali wa Moi's Bridge kwa changu wa Tiwi! Watoto wanausimulia hadi leo.

Sasa lile nililolisahau.

Sisi wa huku maji tunayoyajua ni ya Nzoia. Mvua ikinyesha milima ya Cherangani, mto hubadilika rangi, ukavuma, nasi tukawaita watoto. Bahari haina tabia hiyo. Hujaa bila wingu hata moja angani. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpya au mpevu huja bamvua, na hapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hukaribia mita nne. Ndiyo kusema, pahali ulipopita na viatu mkononi asubuhi, alasiri pangezamisha nyumba ya kawaida hadi paani.

Na bamvua ya kwetu ina hila yake. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati ambao watoto wamekwisha kunywa chai na wanatafuta la kufanya. Wanaona mchanga na mawe hadi mbali kule kwenye mwamba mawimbi yanakovunjika, na wanakwenda kuangalia kiti cha pwezanyota na kaa. Maji yakianza kurudi hayaji kwa mbele kama watu wa bara wanavyodhani. Huingia kwanza kwenye mabonde yaliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufuo. Ukigeuka, njia uliyojia haipo.

Vijana wawili wa mama yule walikuwa huko. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mkwaju alimwambia, "Mwanangu, maji yajaa hayo. Waite watoto." Mama akaangalia, akaona bahari tulivu, jua, hakuna wimbi. Akasema wataja wenyewe. Mzee hakubishana naye. Aliuweka wavu chini, akaingia majini na kuwafuata. Walikokuwa wamepita kwa maji ya kifundo cha mguu, walirudi maji yakiwa kifuani pa mkubwa, na mdogo amebebwa mabegani pa mzee yule.

Katika ufuo wenye watu wengi huenda angalau wapo waokoaji, au mtu wa kusikia ukelele. Katika ufuo mtulivu, utulivu wenyewe ndio shida. Kwa hiyo ukifika, kabla hata ya kufungua mabegi, mtafute mvuvi na umuulize: leo maji yajaa saa ngapi? Hakudai chochote kwa jibu hilo. Na wavishe watoto viatu vya plastiki, kwani kuna wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi kama sindano.

Wakati mzuri ni Disemba hadi Machi, pepo za kaskazi zinapovuma. Likizo ya Agosti huangukia kusi. Bahari huchafuka na mwani hujaa ufuoni.

Ukitaka kwenda mbali zaidi kusini, kuna Gazi, penye daraja la mbao katikati ya mikoko linaloendeshwa na akina mama wa kijiji. Wanakijiji wa hapo wanalinda hekta 117 za mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, na fedha za hewa ya kaboni zimewaletea maji na vitabu vya shule. Ni kijiji cha watu, si hoteli, basi jifunge leso utokapo majini.

Na mlinzi wa ua fulani akikufukuza mchangani, mkumbushe kwa adabu Katiba ya 2010, kifungu cha 62: ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Tatizo ni njia ya kuifikia, maana viwanja vya watu vimeziba nyingi. Huko Tiwi waulize wenyeji njia ya wavuvi.

Mama yule anarudi tena Disemba hii. Juzi alinisimamisha sokoni, hakuniuliza nauli wala nyumba. Aliniuliza mwezi utaandama lini.