Kuna Kitabu Kinaitwa Hesabu



Leo nina ungamo kabla ya neno. Juzi nilisema madhabahuni kwamba hesabu ilinishinda shuleni, ndiyo maana Mungu akanipa mimbari. Mlicheka sana, nami nikafurahi. Wiki hiyo hiyo mama mmoja akanijia: mwanawe ameacha kufanya kazi ya nyumbani ya hesabu, na akiulizwa anajibu, "Hata pasta ilimshinda." Usingizi ulipotea usiku huo. Kijana wangu, kama unasoma hapa, nisamehe. Nilikosea.

Nimekosea zaidi kwa sababu naketi na wengi wenu na ninaona kinachokula pesa zenu. Si pepo kila mara. Dada mmoja alikuja tuombee deni. Alikuwa amekopa shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kila mwezi, kwa uaminifu, alilipa shilingi 1,000 ya riba bila kugusa deni lenyewe. Kabla ya kuomba tukafungua kikokotoo cha simu. Mwaka mzima alikuwa amelipa 12,000, na bado anadaiwa 10,000 zile zile. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Pasta, mimi nilisikia tu kumi." Tuliomba, ndiyo. Lakini tuliomba tukijua tunaombea nini.

Twende kwa ploti, maana Kitengela bila ploti si Kitengela. Unaambiwa hii ni moja ya nane ya ekari, hamsini kwa mia. Haya, piga hesabu nami. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Gawanya kwa 8, unapata 5,445. Sasa zidisha 50 kwa 100. Ni 5,000. Futi za mraba 445 zimekwenda wapi? Hicho ni karibu chumba cha futi 20 kwa 22, mpendwa, mtu analipa kodi kwa chumba kidogo kuliko hicho! Mara nyingi utaambiwa zimeingia kwenye barabara, na sina ugomvi na barabara, bora uambiwe kabla ya kulipa. Halafu hatimiliki inakuja imeandikwa kwa hekta, na hapo ndipo wengi wetu tunaacha kusoma. Hamsini kwa mia ni kama hekta 0.046. Ukiona 0.040, uliza, hata kama anayekuuzia ni ndugu katika Bwana. Hasa kama ni ndugu katika Bwana.

Najua kuna mtu ananiandalia 2 Samweli 24: Daudi alihesabu watu na Mungu akakasirika. Kweli. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyemwagiza Musa ahesabu Israeli kabila kwa kabila, na kitabu hicho katika Biblia yako kinaitwa Hesabu. Soma pia Yohana 21. Wavu umejaa kwa muujiza, Bwana mwenyewe yuko ufuoni na kiamsha kinywa, na bado kuna mtu aliyehesabu samaki. Walikuwa 153. Hakuna aliyemkemea kwamba amekosa imani.

Na tusidanganyane kwamba hesabu ni ya wenye digrii. Muulize mzee mfugaji huku Kajiado ambaye hakukanyaga darasa. Mifugo ikirudi jioni na mmoja amekosekana, atakwambia ni yupi, rangi yake na mamake.

Wazazi, mnakumbuka Aprili 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alipotangaza kwamba hisabati itabaki ya lazima katika njia zote tatu za sekondari ya juu, baada ya watu kupinga mpango wa kuifanya ya hiari. Mimi nilishukuru. Mtoto anayetaka muziki au mpira atatia sahihi mikataba siku moja, na promota hatamngojea atafute mtu wa kumsomea asilimia.

Jumamosi hii baada ya maombi ya asubuhi, mwalimu mmoja wa hesabu aliye miongoni mwetu atabaki kanisani mpaka saa saba. Njoo na karatasi ya mkopo wako, au makubaliano ya ploti kabla hujayatia sahihi. Funika majina ukitaka, tunachohitaji ni tarakimu. Mlete na mtoto, akae kando yako, ashike kikokotoo. Nami nitakuwepo, kwenye benchi la wanafunzi.